Mlima Elgon: kichwa kikiuma, usingoje kupambazuke

Na daktari wetu, Webuye

Kila likizo ya Desemba inapokaribia, huja katika kliniki yangu hapa Webuye vijana wenye afya nzuri kabisa. Hawaumwi na chochote. Wanataka kupimwa tu, kwa maana wamechanga pesa, wamekodi gari, na wanakwenda Mlima Elgon kuyaona mapango ya kale na kupanda hadi kilele cha Koitobos.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja mmoja wao, mwalimu wa shule ya upili, umri wa miaka 31, mchezaji kandanda. Nilimpima presha, nikasikiliza moyo na mapafu, nikatazama mkojo wake. Kila kitu kilikuwa sawa. Alinitania kwamba yeye huupanda mlima wa Chetambe bila kupumzika hata mara moja. Nikampigia muhuri cheti chake, nikamtakia safari njema.

Siku tano baadaye alirudi akiwa ameshikwa mkono na mkewe. Alikuwa ameponea chupuchupu. Ndipo nilipotambua kosa langu. Nilikuwa nimempima kila kitu, lakini sikumuuliza swali moja ambalo lingemfaa kuliko vipimo vyote: "Mwalimu, usiku wa kwanza mtalala wapi?"

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya swali hilo.

Mlima wetu na mapango yake

Mlima Elgon, ambao Wabukusu na Wagisu huuita Masaba, umekaa mpakani mwa Kenya na Uganda. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, kiko upande wa Uganda na kina urefu wa mita 4,321. Upande wetu tuna Koitobos, mita 4,222. Sehemu ya mlima iliyo Kenya ilitengwa kuwa mbuga ya taifa mwaka wa 1968.

Mapango ndiyo yanayowavuta watu wengi. Yapo ya Kitum, Makingeny na mengineyo. Katika baadhi ya mapango ya mlima huu watu wa jamii ya Kony, ambao ni Wasabaot, waliishi pamoja na mifugo yao vizazi na vizazi. Mzungu Joseph Thomson alipofika hapa mwaka wa 1883 alistaajabu sana, akadhani yamechimbwa na mikono ya watu wa kale. Pango la Kitum limeingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200, na ndovu huingia humo usiku kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao.

Kwa hiyo simkatazi mtu kwenda. Watu hutoka mbali kuja kuona tulichonacho mlangoni. Wapo pia wenzetu wenye uwezo wanaoota kwenda Peru kutembea njia ya Wainka hadi magofu ya Machu Picchu. Mambo ya kule na ya hapa hayatofautiani sana kwa mwili wa binadamu. Machu Picchu iko mita 2,430 juu ya bahari, na pango la Kitum liko kama mita 2,400. Njia ya Wainka hupita mahali pa juu kabisa penye mita 4,200 hivi, karibu sawa na Koitobos. Mwaka wa 1590 padri Mhispania, José de Acosta, alichapisha kitabu alimosimulia jinsi alivyotapika na kuishiwa nguvu alipokuwa akivuka milima hiyo ya Peru. Aliona kwamba hewa ya huko ni nyepesi mno kwa pumzi ya mtu. Hakukosea.

Hewa hupungua vipi?

Wengi hudhani kwamba mlimani hakuna oksijeni. La hasha! Hewa ni ile ile. Katika kila sehemu 100 za hewa, kama 21 ni oksijeni, uwe Mombasa au juu ya Koitobos. Kinachopungua ni uzito unaoikandamiza hewa hiyo. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyotawanyika, na kila pumzi unayovuta inabeba oksijeni kidogo.

Hapa Webuye, kwenye mita 1,500 hivi, tunapata kama asilimia 83 ya oksijeni anayoipata mtu wa Mombasa kwa pumzi moja. Kwenye mita 3,500 ni kama theluthi mbili. Juu ya Koitobos ni asilimia 60 hivi.

Mwili una akili yake. Ukipewa muda utazoea. Utapumua haraka zaidi, figo zitarekebisha kemikali za damu, na baada ya siku nyingi chembe nyekundu za damu zitaongezeka. Lakini kazi hiyo haifanywi kwa saa tatu. Inataka siku kadhaa, na hapo ndipo penye taabu ya mlima wetu.

Taabu hiyo ni barabara. Mtu hutoka Webuye alfajiri, akapita Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, akanywa chai Kitale, akashika njia ya Endebess hadi lango la Chorlim. Ndani ya mbuga gari linaweza kupanda hadi kama mita 3,500. Kwa hiyo mtu aliyeamka kitandani mwake penye mita 1,500 anaweza kula chakula cha mchana akiwa mita 2,000 juu zaidi, na miguu yake haijafanya kazi yoyote. Atashuka garini akijiona shujaa. Mwili wake bado uko Webuye.

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa wa mlima huanza aghalabu kati ya saa 6 na 12 baada ya kufika juu ya mita 2,500. Kichwa huuma. Pamoja na hicho kichwa, mgonjwa huwa na moja au zaidi ya haya: kichefuchefu au kutapika, kukosa hamu ya chakula, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu. Usingizi nao huwa wa mang'amung'amu. Ni hali inayofanana sana na ya mtu aliyekunywa pombe usiku kucha. Ukitulia hapo hapo ulipo bila kupanda zaidi, mara nyingi hupoa kwa siku moja au mbili.

Hatari ni pale mtu anapoendelea kupanda huku kichwa kinauma. Hapo ugonjwa waweza kugeuka mojawapo ya sura mbili zinazoua.

Sura ya kwanza ni kuvimba kwa ubongo. Mgonjwa huanza kupepesuka kama mlevi, huchanganyikiwa, huwa mkali au mzito wa kujibu. Hatimaye hulala usingizi asioamka. Yeye mwenyewe hajui kwamba anaumwa, na ndiyo sababu wenzake ni lazima wamwangalie.

Sura ya pili ni maji kujaa mapafuni. Huja mara nyingi usiku wa pili au zaidi. Mgonjwa huhema hata akiwa ameketi, hukohoa, kifua hukoroma, midomo na kucha hugeuka rangi ya samawati, na mwisho hutema povu lenye rangi ya waridi. Hii yaweza kumpata hata mtu ambaye kichwa hakikumuuma kabisa.

Tafadhali tia jambo hili akilini: nguvu za mwili hazimkingi mtu. Mchezaji wa kandanda hupatwa sawa na karani wa ofisini. Pengine yeye ndiye hupatwa zaidi, kwa maana nguvu zake humwezesha kupanda upesi kuliko mwili wake unavyoweza kuzoea, na aibu humzuia kusema anaumwa.

Yaliyompata mwalimu

Mwalimu wangu na wenzake sita waliondoka Webuye saa kumi na moja alfajiri. Hawakulala Kitale wala langoni. Walipitia pangoni kwa haraka, wakapanda na gari hadi mwisho wa barabara, wakapiga hema huko huko. Jioni ile kichwa kilimuuma, na chakula hakikupita. Alimeza dawa ya maumivu, akanyamaza. Asubuhi mwelekezi wao, mwenyeji wa mlima, aliwauliza kama kila mtu yuko salama. Mwalimu akajibu yuko sawa. Baadaye aliniambia, "Daktari, nilikuwa nimelipa. Ningerudi kuwaambia nini wanafunzi?"

Alifika kileleni. Akapiga picha. Kushuka kurudi hemani alianguka mara mbili, wenzake wakacheka. Jioni alishindwa kufunga kamba za viatu. Wenzake wakasema ni uchovu, mwingine akasema ni malaria, apewe dawa alale, asubuhi watamwona.

Mwelekezi hakukubali. Alimsimamisha, akamwambia atembee mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Mwalimu hakumaliza hatua tatu. Mwelekezi hakungoja kupambazuke. Alimwamsha dereva na askari wa wanyamapori, wakamtia mgonjwa garini, wakateremka naye usiku ule ule kwa mwendo wa pole. Walipokaribia lango, mwalimu alianza kuuliza yuko wapi. Kabla ya jua kuchomoza alikuwa Kitale akipewa oksijeni.

Yule mwelekezi hakuwa na mashine wala shahada. Alikuwa na macho, na alikuwa na ujasiri wa kuwaharibia wateja wake safari. Laiti wangengoja asubuhi, huenda mimi ningekuwa ninaandika habari nyingine.

Kanuni tatu

Ukisahau yote uliyosoma leo, usisahau haya matatu.

Kwanza, ukiwa mlimani, kichwa kinachouma ni ugonjwa wa mlima hadi ithibitishwe kwamba sivyo. Sisi wa Webuye na Bungoma tumezoea kuita kila kichwa malaria. Kweli, waweza kupanda na malaria uliyoibeba nyumbani. Ila ugonjwa wa mlima kwa kawaida hauleti homa kali. Hata ukiwa na shaka, teremka kwanza, upimwe damu ukiwa chini.

Pili, usipande zaidi huku unaumwa. Kaa hapo ulipo. Usipopata nafuu, teremka.

Tatu, mtu akipepesuka, akichanganyikiwa, au akihema akiwa amepumzika, ateremshwe saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku. Asiachwe peke yake, wala asiambiwe alale kwanza. Kuteremka kati ya mita 300 na 1,000 mara nyingi huleta nafuu ya wazi. Ziko dawa ambazo madaktari hutumia kupunguza uvimbe wa ubongo au shinikizo la mapafuni, lakini hakuna hata moja inayochukua nafasi ya kuteremka.

Jinsi ya kujikinga

Kinga kubwa ni polepole. Ukishapita mita 3,000, mahali utakapolala usiku pasizidi mahali ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500. Aidha, pumzika siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Mchana waweza kupanda juu zaidi, mradi usiku urudi kulala chini.

Kwa Elgon nashauri hivi. Usiku wa kwanza lala karibu na lango, pasipofika mita 2,500, na siku hiyo tazama mapango na msitu bila haraka. Usiku wa pili lala karibu na mita 3,000. Usiku wa tatu, mwisho wa barabara. Siku ya nne panda Koitobos. Utaniambia kwamba siku nne ni gharama. Ni kweli. Kama pesa zinatosha siku mbili tu, basi nenda kwa siku mbili, uyaone mapango, ukiache kilele hadi mwaka utakaokuwa na siku nne. Kilele hakihami.

Iko dawa iitwayo asetazolamidi, inayousaidia mwili kuzoea haraka. Kwa watu wazima wengi dozi ya kujikinga ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Usijinunulie dukani bila kumwona daktari, hasa kama umewahi kudhurika na dawa za salfa. Huongeza mkojo na kuleta ganzi vidoleni, jambo ambalo halina madhara.

Epuka pombe na dawa za usingizi, kwa sababu hupunguza kupumua usiku. Kunywa maji ya kutosha, lakini usijilazimishe. Maji hayatibu ugonjwa huu.

Jihadhari na baridi. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama sita na nusu. Ukiwa mwisho wa barabara ni nyuzi 13 hivi chini ya Webuye, na usiku ni barafu. Beba nguo za sufu, kofia, koti la mvua na blanketi zito. Miezi yenye mvua chache ni Desemba hadi Februari. Na nakusihi sana, usiingize jiko la makaa hemani ili kupata joto. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na imeua watu wengi usingizini.

Nani asipande?

Katika eneo letu la magharibi kuna jambo ambalo ni lazima nilitaje: ugonjwa wa selimundu. Umeenea sana kwetu, kama ilivyo kila mahali palipokuwa na malaria tangu zamani. Mwenye ugonjwa huu asipande mlima. Oksijeni ikipungua, chembe zake za damu hujikunja na kuziba mishipa, akapatwa na maumivu makali au hata kifo. Vile vile, mtu aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye huwa haumwi, aweza kupatwa na maumivu ya bandama akiwa juu sana. Ukisikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, teremka upesi. Kama kwenu kuna mtoto mwenye selimundu, pima damu yako kabla ya kulipia safari.

Wengine wanaopaswa kumwona daktari kwanza ni wajawazito, wenye maradhi ya moyo au ya mapafu, wenye upungufu wa damu, na wale ambao presha au kisukari chao hakijatulia. Mwenye pumu iliyotulia kwa kawaida aweza kwenda, mradi abebe dawa yake mfukoni, si kwenye mzigo.

Tahadhari ya mapangoni

Mapango nayo yana jambo lake. Mwaka wa 1980 mwanamume aliyekuwa ametembelea pango la Kitum alifariki Nairobi kwa homa ya Marburg, ambayo ni ndugu wa Ebola. Daktari aliyejitahidi kumwokoa aliambukizwa, akapona. Mwaka wa 1987 mvulana wa miaka 15 kutoka Denmark, naye akiwa ametoka katika pango hilo, alikufa kwa ugonjwa huo huo. Mwaka wa 2017 ugonjwa huo ulizuka upande wa pili wa mlima, katika wilaya ya Kween nchini Uganda. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2009 ulithibitisha kwamba virusi hivyo hubebwa na aina ya popo walao matunda, wanaolala mapangoni.

Sisemi haya ili kukutia hofu. Maelfu wameingia humo wakatoka salama. Lakini ridhika kutazama kutoka mlangoni, penye mwanga. Usiingie ndani wanamolala popo, usiguse popo wala kinyesi chao, usile kitu humo, na usishike kuta kwa mkono wenye kidonda. Vumbi la kinyesi hicho pia laweza kuleta ugonjwa wa ukungu wa mapafu. Ukipata homa ndani ya siku 21 baada ya safari, nenda hospitali, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe hili: "Niliingia pangoni Elgon."

Mwambie mwelekezi ukweli

Mbugani utatembea na askari wa wanyamapori, kwa sababu kuna nyati na ndovu. Ongeza mwelekezi anayeujua mlima. Kabla hamjaanza safari, kubalianeni mbele ya wote kwamba yeye akisema "tunarudi", mnarudi, na malipo yake hayatapunguzwa hata senti moja. Mwelekezi anayehofia kunyimwa ujira wake atanyamaza wakati anapopaswa kusema.

Nanyi mkumbuke kuwatazama wapagazi. Wao pia ni watu wa damu na mapafu, na wana sababu nyingi kuliko zenu za kuficha maumivu. Kila jioni ulizaneni: Nani kichwa kinamuuma? Nani hakula? Kisha kila mmoja atembee hatua kumi kwa mstari ulionyooka, kisigino kwa vidole. Ni mchezo wa dakika tano.

Mwalimu wangu alipona kabisa. Mwaka uliofuata alirudi kliniki na kikaratasi mkononi. Alikuwa ameandika usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, na mbele ya kila mmoja idadi ya mita. Nilikisoma kikaratasi hicho kabla sijachukua mashine ya presha. Tangu siku hiyo, hivyo ndivyo ninavyomwanza kila mtu anayekwenda mlimani.

Basi nawe, msomaji, kabla hujaja kupimwa, andika kikaratasi chako.

Hadi wiki ijayo, nakutakia afya njema.